Sarafu ya "1000" ya mwaka 1783, haina jina la pesa: ni ya majaribio kweli au kopi?

Mtoza_Shaba

Wakuu, heshima kwenu. Kuna vipande viwili vinauzwa pamoja, na muuzaji anavitaja vyote kuwa sarafu za majaribio za Marekani za 1783, enzi dola yao haijazaliwa. Naomba wanaozijua waseme kabla hela haijatoka mfukoni.

Kipande A: shaba nyekundu, gramu 7.5, upana karibu milimita 27. Upande mmoja kuna jicho katikati, miale, nyota 13 na maandishi NOVA CONSTELLATIO. Upande wa pili kuna shada la majani, ndani yake U.S, na kuzunguka imeandikwa LIBERTAS JUSTITIA 1783. Sioni namba ya thamani popote.

Kipande B: rangi ya fedha, gramu 12.4. Michoro ni hiyohiyo, ila chini ya U.S kuna 1000. Hakuna neno dola, senti wala lolote.

Maswali yangu: hiyo elfu moja ni elfu ya nini? Kwa nini pesa yenyewe iliachwa? Na nitajuaje ukweli bila kuvikwaruza, maana muuzaji hataki viguswe kwa tupa?

---

Hesabu_Kwanza

Nianze na elfu moja, maana bila hiyo mengine hayashikiki.

Mwaka 1782 Marekani ilikuwa na serikali mpya, hazina tupu, na mikononi mwa watu hela za kigeni za kila namna. Iliyoaminika kuliko zote ilikuwa dola ya fedha ya Kihispania, ile ya reale 8 (reale ya pwani yetu ina ukoo mmoja wa jina na hiyo). Dola ilikuwa ileile kila mahali. Kilichotofautiana ni hesabu za vitabuni: kila jimbo liliandika pauni, shilingi na peni zake, na likaipa dola bei yake.

Georgia: shilingi 5, yaani peni 60.
New England na Virginia: shilingi 6, peni 72.
Pennsylvania, New Jersey, Delaware na Maryland: shilingi 7 na peni 6, yaani peni 90.
New York na North Carolina: shilingi 8, peni 96.
South Carolina: shilingi 32 na peni 6, yaani peni 390. Hawa waweke pembeni kwanza.

Robert Morris, msimamizi wa fedha wa Kongresi, alipeleka ripoti yake tarehe 15 Januari 1782. Mahesabu yenyewe huhesabiwa kuwa kazi ya msaidizi wake, Gouverneur Morris (si ndugu, ni majina tu yamegongana). Alichofanya ni kile kile tulichofundishwa shule ya msingi: alitafuta Kigawe Kidogo cha Shirika. Chukua 60, 72, 90 na 96, tafuta KDS, utapata 1440. Basi akaigawa dola katika vipande 1440, na kila kipande kikawa yuniti moja ya pesa mpya.

Ukigawanya, kila peni inatoka bila baki:
peni ya Georgia = yuniti 24
peni ya Virginia na New England = yuniti 20
peni ya Pennsylvania na wenzake = yuniti 16
peni ya New York = yuniti 15

South Carolina ndiyo iliyoharibu sherehe. 1440 haigawanyiki kwa 390, ila ukichukua peni 13 za huko unapata yuniti 48 kamili. Waliliacha hivyo.

Yuniti moja ilikuwa robo greni ya fedha safi. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo yuniti ni punje tu, huwezi kuitengenezea sarafu. Sarafu zilizopangwa ni hizi:

Biti, yuniti 100: greni 25 za fedha safi na greni 2 za shaba, jumla greni 27, sawa na gramu 1.75.
Kwinti, yuniti 500: greni 135, gramu 8.75.
Marki, yuniti 1000: greni 270, gramu 17.5.
Na za shaba mbili, ya yuniti 5 na ya yuniti 8.

Hizo za shaba ndizo zenye akili kuliko zote, na watu huzipita bila kuzitazama. Kwa nini 5 na 8, si 1 na 10? Angalia peni za majimbo: mbili za 8 zinatoa 16, peni ya Pennsylvania. Tatu za 8 zinatoa 24, peni ya Georgia. Tatu za 5 zinatoa 15, peni ya New York. Nne za 5 zinatoa 20, peni ya Virginia. Kwa aina mbili tu za shaba muuza mboga wa jimbo lolote kati ya hayo angerudisha chenji ya peni kwa hesabu yake ya zamani.

Mfano wa deni: mtu wa Philadelphia anadaiwa New York pauni 3, shilingi 4 na peni 5 za huko. Badili zote ziwe peni: 720 + 48 + 5 = 773. Zidisha kwa 15, unapata yuniti 11,595. Analipa marki 11, kwinti 1, shaba kumi za 8 na shaba tatu za 5. Akitaka kuandika kitabuni kwa hesabu ya kwao, anagawa 11,595 kwa 16: peni 724 na baki yuniti 11, yaani pauni 3 na peni 4 na kitu.

Kwa hiyo kipande chako B kinadai kuwa marki. Marki moja ni 1000/1440 ya dola, karibu senti 69 na nusu kwa lugha ya baadaye. Wala jina la biti lisikupoteze: mtaani kule "biti" ilikuwa thumni ya dola, senti 12 na nusu, wakati hii ya yuniti 100 haifiki hata senti 7. Ripoti ya 1782 yenyewe iliiita senti, si biti.

---

Mzani_na_Maji

Mwalimu hapo juu kamaliza hesabu, mimi nishike vipande.

Kipande A si sarafu ya majaribio. Ni sarafu halali ya kale (kama si kopi, tutafika huko), lakini ni ya ukoo mwingine. Shaba hizi zilipigwa Birmingham, Uingereza, kwa oda ya wafanyabiashara, zikasafirishwa kwa wingi kwenda Marekani na kutumika kama nusu peni. Gazeti moja la London la Machi 1786 lilikanusha waziwazi kwamba zilitengenezwa Marekani au kwa amri ya Kongresi, likasema ziligongwa Birmingham kwa oda ya mfanyabiashara wa New York, tani kwa tani. Waliochora walinakili muundo wa sarafu za majaribio, ndiyo maana jicho, miale na shada vinafanana.

Cha kutofautisha ni namba. Shaba ya majaribio ina 5 ndani ya shada chini ya U.S. Ya Birmingham haina namba. Umeandika mwenyewe kwamba huioni, basi jibu limepatikana.

Hata hivyo soma herufi za kipande A kwa lenzi ya mara 10, kwa sababu ndani ya hizo za Birmingham kuna aina zinazotofautiana bei. Kwa zile za 1783 angalia mambo mawili: ncha za miale, na neno la pili. Zipo zenye miale iliyochongoka na neno CONSTELLATIO lenye L mbili, nazo zimegawanyika kwa ukubwa wa herufi U.S; na ipo yenye miale butu iliyoandikwa CONSTELATIO, L moja. Si makosa ya mkwaruzo, muhuri ulichongwa hivyo. Za 1785 zimeongezewa ET, LIBERTAS ET JUSTITIA, na herufi U.S zimesukwa kwa mwandiko wa mkono. Ukiona 1783 yenye ET, shika mfuko wako.

Kipande B sasa. Gramu 12.4 peke yake inatosha kukutia shaka. Marki ya kipimo ni gramu 17.5. Sarafu ya fedha ikisagika miaka mingi mikononi inapungua, lakini hizi hazikuwahi kuzunguka sokoni, na upungufu wa gramu 5 kati ya 17 si kusagika, ni metali nyingine. Usibishane na muuzaji kwa maneno, pima uzito wa majini:

1. Weka kikombe cha maji safi juu ya mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01. Bonyeza usome sifuri.
2. Funga kipande kwa uzi mwembamba, kizamishe chote bila kugusa chini wala kuta. Shikilia uzi kwa kijiti kilicholala juu ya kitu kingine, si kwa mkono, mkono hutetemeka.
3. Ondoa viputo vya hewa vilivyonata kwenye herufi. Kiputo kimoja kikubwa kinaharibu jibu. Tone moja la sabuni ya maji ndani ya kikombe husaidia.
4. Namba inayosomeka ni ujazo wa kipande kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wa hewani kwa hiyo namba.

Fedha yenye greni 250 safi ndani ya 270 ni asilimia 92.6, na pamoja na shaba yake inatoa karibu 10.36. Marki halisi ingesoma majini karibu 1.69. Kwa ukubwa uleule, shaba tupu iliyopakwa fedha ingekuwa na uzito wa gramu 15 hivi, shaba njano gramu 14 na kidogo, na bati karibu gramu 12.3. Linganisha na 12.4 yako.

Njia hii inafanya kazi vizuri kwa marki na kwinti. Kwa biti usijidanganye: ujazo wake ni 0.17 tu, kosa la 0.01 kwenye mzani linakupa kosa la asilimia 6. Hapo unahitaji mzani wa 0.001.

---

Ukingo_Wima

Naongeza ukingo, maana ndiyo sehemu ambayo waigaji hufeli na wanunuzi husahau kuitazama.

Marki na kwinti za majaribio zina majani yaliyochorwa kuzunguka ukingo. Karne ile mchoro wa ukingo uliwekwa kwa kuviringisha kipande kati ya paa mbili za chuma zenye mchoro, kabla hakijagongwa uso, ili mtu akikwangua fedha pembeni aonekane. Biti zipo za aina mbili, zenye majani na moja yenye ukingo mtupu.

Kopi ya kumimina kwenye kalibu hutoka na mstari wa kiungo ukingoni, na fundi huupiga tupa. Kwa hiyo utaona mikwaruzo ya tupa inayoelekea upande mmoja badala ya majani. Usoni utaona vitundu vidogo vya hewa na herufi ambazo miguu yake imelainika kama sabuni iliyotumika. Kopi yenye herufi kali si salama vilevile. Karne ya 19 wapo waliotengeneza kopi kwa umeme: wanachukua alama ya sarafu halisi, wanajenga ganda jembamba la shaba kwa kila upande, wanajaza risasi ndani na kubandika maganda mawili pamoja. Kopi kama hiyo hubeba kila mkwaruzo wa ile halisi, hivyo "inafanana kabisa na picha" si ushahidi wa lolote. Ushahidi uko ukingoni, kwenye mshono, na kwenye sauti: ukiigonga kidogo kwa kijiti cha mbao inalia bubu, haivumi.

Sheria ya Marekani ya 1973 inataka kopi za sarafu zinazotengenezwa zichapwe neno COPY. Zilizotengenezwa kabla ya hapo hazina, na zipo nyingi za bati zilizouzwa kama zawadi. Tazama pia kama kuna sehemu usoni iliyosuguliwa bapa bila sababu. Mara nyingi ndipo neno hilo lilipokuwa.

---

Mtoza_Shaba

Aisee, nashukuru sana. Nitapima majini nirudi na jibu. Swali la kati halijajibiwa: kama mfumo ulikuwa na akili hivyo, kwa nini waliuacha? Na hizo halisi ziko ngapi?

---

Karatasi_za_Kale

Zilizobaki kwanza, kwa sababu idadi yenyewe ni jibu la kipande B.

Marki: moja. Kwinti: mbili, na hazifanani, moja ina maandishi NOVA CONSTELLATIO na nyingine haina, jicho na miale na nyota tu. Biti: hazijazi vidole vya mkono mmoja. Shaba ya 5: moja, iliibuka Ulaya katika miaka ya 1970. Shaba ya 8: hakuna inayojulikana. Kwa hiyo mtu anayekuuzia marki anadai amepata ya pili duniani na anaiuza kifungu kimoja na shaba ya Birmingham. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupimwa majini, lakini pima tu, mazoezi hayaharibu.

Kazi ilifanyika Philadelphia. Fundi mkuu alikuwa Benjamin Dudley, Mwingereza. Jacob Eckfeldt, David Tew na Abraham Dubois walilipwa kwa kazi ya mihuri ya chuma ya kupigia. Tarehe 2 Aprili 1783 Robert Morris aliandika kwenye shajara yake kwamba Dudley amemkabidhi kipande cha sarafu ya fedha, cha kwanza kugongwa kama sarafu ya Marekani. Tarehe 22 Aprili Dudley akaleta vipande kadhaa kama vielelezo, na siku iliyofuata Morris akavipeleka kwa rais wa Kongresi. Baadhi ya vilivyobaki, ikiwemo marki, vilitoka kwenye mali ya familia ya Charles Thomson, katibu wa Kongresi, ambako vilikaa hadi karne ya 19.

Jina la Kilatini maana yake "kundi jipya la nyota". Ni maneno ya azimio la bendera la tarehe 14 Juni 1777, nyota 13 kwa majimbo 13.

Bishano lililopo kati ya wataalamu ni kipande kipi kilikabidhiwa tarehe 2 Aprili. Shajara inasema "kipande cha fedha" bila kutaja thamani. Mwaka 2017 David McCarthy alitoa hoja kwamba ni ile kwinti isiyo na maandishi: seti iliyokwenda Kongresi ni ya vipande vyenye maandishi, kwa hiyo isiyo na maandishi ni jaribio la kabla yake. Kipande hicho kilikuwa kimeuzwa mnadani 2013 kwa dola 1,175,000.

---

Ukingo_Wima

Hoja ya McCarthy ninaikubali kwa sababu ya kifundi pia. Ukichonga muhuri unaanza na picha ya katikati, herufi zinafuata. Muhuri wenye jicho na nyota bila herufi ni hatua ya mwanzo kimantiki.

---

Hesabu_Kwanza

Kimantiki ndiyo, lakini fundi anaweza pia kuchonga muhuri wa pili uliorahisishwa baada ya kuona ule wa kwanza umejaa mno. Mfuatano wa kuchonga muhuri mmoja si lazima uwe mfuatano wa mihuri miwili. Mimi naiweka kwenye "inawezekana sana", siivuki hapo. Aliyeshika pesa ya mnada ana haki ya kuvuka.

Sasa kwa nini iliachwa. Jibu linalorudiwa kila mahali ni Thomas Jefferson, na hesabu zake ni tamu kweli. Mwaka 1784 alikubali kwamba kuhesabu kwa makumi ni jambo jema, akapinga ukubwa wa yuniti. Mkate wa sehemu ya 20 ya dola unakuwa yuniti 72. Ratili ya siagi ya sehemu ya 5 ya dola, yuniti 288. Farasi wa dola 80, yuniti 115,200, tarakimu sita kwa mnyama mmoja. Deni la taifa la dola milioni 80 linakuwa yuniti 115,200,000,000, tarakimu kumi na mbili. Alipendekeza dola yenyewe iwe kipimo, na chini yake sehemu ya kumi ya fedha na sehemu ya mia ya shaba, juu yake dhahabu ya dola 10. Mtu wa kawaida anaijua dola kwa mkono, yuniti haijui mtu.

Kongresi ilikubali dola kuwa kipimo tarehe 6 Julai 1785, na sheria ya kupiga sarafu ikatoka tarehe 2 Aprili 1792, miaka tisa kamili tangu Dudley akabidhi kipande chake. Kwa sheria hiyo dola ilikuwa na greni 371.25 za fedha safi.

---

Karatasi_za_Kale

Mwalimu, hapo nakupinga kidogo kwa tarehe zako mwenyewe. Jefferson aliandika 1784. Lakini tarehe 19 Agosti 1783 Morris alikuwa tayari amemwita Dudley na kumwambia ana shaka kama kiwanda cha sarafu kitaanzishwa, atafute kazi kwa watu binafsi. Siku chache baadaye Dudley akarudisha mihuri. Yaani mradi ulikufa njaa kabla haujashindwa hoja. Kongresi haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, ilitegemea michango ya majimbo, na kiwanda cha sarafu kinataka vitu vitatu ambavyo haikuwa navyo: fedha ya kugonga, mashine, na mishahara. Jefferson aliua yuniti ya 1440. Kiwanda kilikuwa kimeshauawa na ufukara.

Nyongeza: watu husahau kwamba mfumo huu ulikuwa na ada iliyojificha. Ripoti yenyewe inasema dola ya Kihispania ikipimwa ina greni 373 za fedha safi, na kwa bei ya kiwanda ingehesabiwa yuniti 1440. Yuniti 1440 kwa robo greni ni greni 360. Unaleta 373, unarudishiwa 360. Greni 13 zinabaki kiwandani, karibu asilimia 3.5. Huo ndio ungekuwa mtaji wa kuendesha kazi, ila lazima kwanza mtu alete dola zake kwa hiari ili zipunguzwe. Mwenye dola inayokubalika kuanzia Boston hadi China angeileta kwa sababu gani?

---

Hesabu_Kwanza

Hapo umenishika, nakubali mfuatano. Na ile ada sijawahi kuona ikijadiliwa hivyo.

Dosari yangu mimi kuhusu 1440 ni nyingine: ilijengwa ili ipatane na viwango vinne vya majimbo, wakati lengo la pesa mpya lilikuwa kuviondoa hivyo viwango. Mara watu wakizoea kuhesabu kwa pesa moja, peni ya New York haina kazi tena, na ile shaba ya 5 na ya 8 inabaki kumbukumbu ya tatizo lililokwisha. Umejenga ngazi halafu ukaifanya kuwa nyumba.

---

Mzani_na_Maji

Kabla muuliza swali hajarudi, neno moja la utunzaji wa kipande A, kwani hicho kinaweza kuwa cha kweli. Msikisafishe kwa ndimu, ukwaju, majivu wala dawa ya meno. Asidi inaondoa ngozi ya kahawia ambayo ndiyo kinga ya shaba, na inaacha rangi ya waridi inayosema "nimeoshwa" kwa kila mnunuzi. Kama kina mafuta au gundi ya plastiki, loweka kwenye asetoni safi ndani ya kikombe cha kioo (ile ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato haifai), dirisha wazi na mbali na moto, kisha suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na uache kikauke chenyewe. Usifute. Kimfuko laini cha plastiki chenye harufu kali nacho hapana; baada ya miezi kinatoa utelezi wa kijani unaokula uso. Pwani hii yenye unyevu, weka pamoja na kile kipakiti cha kufyonza maji kinachokuja ndani ya boksi la viatu.

---

Mtoza_Shaba

Nimerudi. Kipande B majini kimesoma 1.70, nimepima mara tatu: 1.70, 1.69, 1.70. Hewani 12.41. Jibu ni 7.3. Ukingoni hakuna majani, kuna mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, na karibu na shada chini kuna doa bapa lenye upana wa punje ya mchele.

Kipande A kina L mbili, miale imechongoka, U.S ni ndogo. Ukingo laini, hakuna mshono.

---

Mzani_na_Maji

7.3 ni bati, mkuu. Na hilo doa bapa nadhani unajua ndipo palipokuwa na neno gani.

Kipande A pima nacho majini. Shaba itakupa karibu 8.9. Ikitoka chini ya 8.6 usiendelee. Ikitoka sawa, mwambie muuzaji atenganishe bei, ununue hicho kimoja kwa bei ya shaba ya Birmingham ya 1783, na B abaki nacho.

---

Ukingo_Wima

Na ukinunua, andika kwenye kibahasha chake "Birmingham", usiandike "majaribio". Atakayekirithi asije kuanzisha uzi huu upya.